Kwa nini dereva anayengoja feri ya Likoni saa nzima hawezi kumngoja mtu wa baiskeli sekunde 15?

#1 fundi_wa_kisauni

Assalam aleikum, na hamjambo nyote, wa kisiwani na wa ng'ambo.

Nina banda la kutengeneza baiskeli hapa Mombasa, upande wa Kisauni, si mbali na Kengeleni. Wateja wangu ni wauza mabofulo, wauza madafu, wachuuzi wa samaki, walinzi wanaotoka lindo alfajiri, na vijana wa mjengo wanaovuka Daraja la Nyali kila asubuhi kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekula chakula cha watoto. Wakiniletea baiskeli hawanielezi kila mara kilichotokea, lakini chuma chenyewe husema. Rimu ya nyuma ikiwa imepinda nane, najua gari lilitoka nyuma. Handeli ikiwa imerudi ndani upande wa kulia na mpira wake umechanika, kioo cha gari kimepita hapo. Na pedali ya kushoto ikiwa imekwaruzika, mchanga umeingia mpaka kwenye beringi, basi mwenye baiskeli alisukumwa nje ya lami akaangukia mtaroni.

Hii ya mwisho ndiyo ninayoiona zaidi, na ndiyo iliyonifanya niandike. Kugongwa kunaweza kuwa ajali. Kubanwa kwa ubavu wa gari mpaka utoke kwenye lami, huku honi ikikulilia sikioni, mara nyingi mtu amekusudia.

Juzi juzi alikuja kijana wa mabofulo. Kreti mbili zimevunjika, goti limechubuka, mikate yote imebaki kwenye maji ya mtaro upande wa Bamburi. Goti hakulitaja hata mara moja. Alichokuwa akirudia ni neno alilotupiwa na dereva aliyepunguza mwendo, akateremsha kioo, akamwambia: "Toa umaskini wako barabarani." Kisha akaenda zake. Mikate ile kijana ataikatwa kwenye malipo yake.

Nimelichambua neno lile usiku kucha. Madereva wengi ukiwauliza watakwambia baiskeli zinawachelewesha. Basi tufanye hesabu. Mtu mwenye mzigo anakwenda kama kilomita 15 kwa saa. Ukimfuata kwa mita 100 kabla hujapata nafasi ya kumpita, umetumia sekunde 24. Mita hizo hizo kwa kilomita 40 kwa saa ungetumia 9. Umepoteza sekunde 15. Dereva huyo huyo akifika Likoni atazima injini, atanunua korosho, atangoja feri mpaka ifike na hatamtukana mtu. Trela likikwama Changamwe, atangoja. Matatu ikisimama katikati ya njia pale sokoni Kongowea kupakia abiria na magunia yao, atapiga honi mara mbili kisha atangoja. Msafara wa mheshimiwa ukipita na ving'ora, atapanda hata ukingo wa njia kwa adabu zote.

Kwa hiyo muda hauelezi hasira hii. Mimi naona ni dharau. Barabarani kwetu kuna ngazi: juu yuko mheshimiwa, chini yake gari kubwa la kifahari, halafu trela, halafu matatu, gari dogo, tuktuk, boda, na chini kabisa mkokoteni na baiskeli. Kila mmoja akiudhiwa na wa juu anameza. Akifika kwa wa chini, anatapika. Mtu wa baiskeli hana cha kurudisha. Hana bati la kukukwaruza, hana bima, hana mjomba polisi. Ndiyo maana hasira ya foleni nzima, ya joto la Mombasa, ya bei ya mafuta, inamwishia yeye.

Naomba madereva waliomo humu wanijibu kwa ukweli. Sitamtukana mtu.

#2 dere_wa_mtwapa

Fundi, umeandika kwa uchungu, nami nitakujibu vivyo hivyo. Naendesha matatu, Mtwapa hadi mjini. Gari si langu, ni la tajiri. Jioni hesabu yake, zile fedha ninazotakiwa kumpelekea kila siku, lazima ikamilike. Mafuta juu yangu, konda juu yangu, na njiani kuna watu wengine wanaongoja chao ambao wewe unawajua na mimi nawajua. Faida ya siku iko kwenye zile raundi za asubuhi, watu wanapokwenda kazini. Nikipoteza moja, kuanzia hapo nafanyia tajiri kazi, nyumbani narudi mikono mitupu.

Sasa niweke nyuma ya baiskeli yenye kreti pana. Mbele linakuja trela. Kupita siwezi. Kungoja siwezi, maana nyuma yangu kuna mwenzangu anayewania abiria wangu wa kituo kinachofuata. Abiria nao ndani wanafyonza. Damu inapanda.

Lakini nikwambie jambo ambalo sidhani unalijua, kwa kuwa hujakaa kwenye kiti changu. Simchukii mtu wa baiskeli. Namwogopa. Nikimgusa tu, hata kosa likiwa lake, kabla askari hajafika watu wameshajaa. Mawe yanaanza, kiberiti kinatafutwa. Nikiokoka hapo naingia kituoni, gari linazuiliwa, tajiri kesho yake ana dereva mwingine. Na usiku ndiyo balaa. Hana taa, hana rifleta, kavaa nguo nyeusi, gari linalokuja mbele limeniwashia taa za juu usoni. Namwona nikiwa nimeshamfikia. Natupa usukani, moyo unakwenda mbio, na mshtuko ule unatoka mdomoni kama matusi. Si kwamba nimemdharau. Nimejiona niko jela.

Huyo aliyemwambia mwenzake atoe umaskini barabarani hana adabu. Usituweke sote kapu moja.

#3 kizingo_mkaazi

Mimi nina gari dogo na nitasema wanaloogopa kulisema wengine. Barabara inalipiwa. Kila lita ya mafuta ninayonunua kuna ushuru wa matengenezo ya barabara ndani yake, ulikuwa shilingi 18, tangu mwaka 2024 ni shilingi 25. Mtu wa baiskeli analipa nini? Na taa nyekundu hazimhusu, anapanda kwenye kabro za wapita njia, anashuka, anakuja upande usio wake. Heshima hutolewa kwa anayefuata sheria.

#4 fundi_wa_kisauni

Dere, ahsante. Hilo la hofu umelisema vizuri kuliko ambavyo ningeweza kulisema mimi, na nitalirudia chini.

Kizingo, ushuru ni kweli, unalipwa kwenye mafuta, na unakwenda kutengeneza lami iliyoharibika. Basi tuulize lami inaharibiwa na nani. Wahandisi wa Marekani walifanya jaribio kubwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakayapitisha malori juu ya barabara za majaribio mpaka zikavunjika. Waliona kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka maradufu, uharibifu unaongezeka kama mara 16. Pita barabara ya Magongo au Jomvu utazame makorongo yaliyochimbwa na magurudumu ya malori ya kontena, utaliona jambo hilo kwa macho. Baiskeli na mzigo wake wote haiachi alama. Mtu anayelipia kidogo kwa sababu anaharibu kidogo hajamwibia mtu. Na mkate anaoubeba uliokwa kwa unga ulioletwa na lori lililolipa ushuru huo, gharama ikaingia kwenye bei, akaula na akaulipia kama wewe.

Kuhusu sheria, wapo wanaovunja. Wanaokuja upande usio wao nawakataza kila siku hapa bandani, kwa sauti. Lakini na wewe jiangalie unavyopima. Matatu ikipanda kwenye kabro unasema "matatu hii". Boda akivunja taa unasema "boda huyu". Baiskeli moja ikikosea, baiskeli zote za Mombasa zimekosea, na yule wa kesho ambaye hajafanya lolote atalipishwa. Na tena, hapa mjini sheria inayovunjwa na karibu kila gari ni ile ya Sura ya 403, yaani Sheria ya Trafiki, kwamba ndani ya mji mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Sijawahi kusikia mtu akisema wenye magari wasipewe heshima mpaka waifuate.

#5 sista_wa_tudor

Naandika kama mwanamke anayeendesha baiskeli, tuko wachache. Ni muuguzi, zamu zangu nyingine zinaisha usiku. Fundi, dharau ipo, lakini madereva wananiachia nafasi. Ndugu yangu wa kiume akipita njia ile ile, kwa baiskeli ile ile, anabanwa. Mimi wananipitia mbali, ila kila wa pili ana neno la kunitupia kuhusu mwili wangu au kuhusu mume aliyeniruhusu. Kwa hiyo dereva anaona vizuri kabisa, na nafasi ya kuacha anaipata akitaka. Anachagua nani wa kumwachia.

Nilisoma kuhusu mwanasaikolojia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, anaitwa Ian Walker. Mwaka 2007 alitoa matokeo ya jaribio alilolifanya mwenyewe, akiwa na kipimo kwenye baiskeli kinachopima gari limempita umbali gani. Akivaa helmeti magari yalimpita karibu zaidi, kwa wastani wa sentimita 8.5. Akivaa nywele za bandia ndefu ili aonekane mwanamke kwa nyuma, walimwachia nafasi zaidi, kama sentimita 14. Nilipoisoma nilicheka peke yangu kwenye chumba cha zamu kisha nikanyamaza, maana nilikuwa nimeshaijua.

#6 fundi_wa_kisauni

Dada, Mungu akulinde na zamu hizo za usiku.

Ulilolisema linanirudisha kwenye neno la yule dereva. Kuna utafiti mwingine, wa Australia, uliochapishwa mwaka 2019. Waliulizwa watu 442. Walionyeshwa mchoro wa ngazi, upande mmoja nyani, au kwa kundi jingine mende, upande wa pili mtu kamili, wakaombwa wamweke mwendesha baiskeli mahali pake. Zaidi ya nusu ya wasioendesha baiskeli hawakumweka kwenye mtu kamili. Mende! Na waliomshusha zaidi ndio waliokiri zaidi kumfanyia ubaya barabarani. Katika kila watu 100 walioulizwa, 17 walisema wamewahi kumziba mtu wa baiskeli kwa gari makusudi, na 11 wamewahi kumpita karibu makusudi.

Australia huko wengi wa wanaoendesha baiskeli si maskini. Baiskeli moja ya mtu inaweza kununua tuktuk hapa kwetu. Lakini chuki ni ile ile. Basi nakubali kwamba umaskini peke yake hauelezi kila kitu. Umaskini ni jina ambalo dharau imejipa hapa Mombasa. Kule imejipa jina jingine. Shina lake ni kwamba ukishakaa ndani ya bati, aliye nje huoni uso wake. Unaona mgongo, kreti, na kitu kinachotikisika mbele yako.

Na hapo kwenye kutikisika naomba madereva mnisikilize, maana ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Mnasema "anayumba, hana msimamo". Njooni mkae kwenye kiti cha baiskeli mtazame chini. Ukingo wa lami kwenye barabara zetu nyingi umemegeka. Kutoka lami hadi udongo pana kina cha kiganja, pengine zaidi. Ukishuka kwa tairi jembamba na kilo sitini nyuma, huwezi kupanda tena bila kuanguka. Ndani ya ukingo huo kuna mchanga uliokusanywa na mvua, vigae vya chupa, mfuniko wa mtaro uliozama, na tuktuk iliyoegeshwa ikingoja abiria. Mwendesha baiskeli anaviona vyote hivyo akiwa bado mbali. Anahama kidogo kuelekea kulia ili avikwepe. Wewe nyuma yake huvioni. Unachoona ni mtu amekuingilia njia bila sababu. Hapo ndipo honi inapolia, naye kwa mshtuko anageuka kutazama nyuma, na mtu akigeuza shingo handeli inafuata. Sasa amekuja kulia zaidi. Wewe unasema umempigia honi akakufanyia jeuri.

#7 trela_usiku

Nasoma tangu asubuhi nikiwa kwenye foleni ya kuingia bandarini. Mimi ni wa malori, Mombasa hadi Malaba na kurudi. Sitaongea habari za chuki, nitaongea habari za macho.

Sisi tunakaa kulia juu kabisa. Upande wa kushoto, chini ya dirisha la abiria, kuna mahali ambapo hata mtu mzima akisimama simwoni, wala kwenye kioo simwoni. Baiskeli inapenda mahali hapo kwa sababu foleni ikisimama yeye anapenya kushoto. Halafu njia ikifunguka na mimi nakata kushoto, kichwa kinakwenda upana ule mnaouona lakini mkia haufuati njia ya kichwa. Magurudumu ya nyuma yanakata kona kwa ndani. Aliyekuwa amesimama salama kando yangu anajikuta kati ya tairi na ukingo. Wapo madereva wenzangu wanaoishi na jambo hilo moyoni mpaka leo, hawakuwa na ubaya na mtu.

Waambieni: ukiwa huoni kioo changu, mimi sikuoni. Ngoja nyuma, hata kama ni ya kukuchosha.

#8 fundi_wa_kisauni

Trela, hili nitaliandika kwenye kipande cha mbao nilitundike bandani. Shukrani sana.

Sasa narudi kwa dere wa Mtwapa na hofu yake, kwa sababu naona ndiyo habari kubwa kuliko zote zilizosemwa humu.

Nakuamini kwamba unaogopa. Lakini mtu anayemwogopa ng'ombe barabarani hupunguza mwendo. Wewe unaogopa na unaongeza. Kwa nini? Umejijibu mwenyewe: hesabu. Hofu inakuambia kanyaga breki, hesabu inakuambia kanyaga mafuta, na hesabu ndiyo inayomlisha mtoto jioni. Ukiwa umebanwa hivyo, ni rahisi zaidi kumchukia aliye mbele yako kuliko kumchukia aliyekupangia hesabu, kwa sababu tajiri humwoni na baiskeli unaiona. Simaanishi una haki ya kumbana mtu. Maisha ya kijana yule wa mabofulo yana thamani kuliko raundi yako, na wewe unalijua hilo. Lakini sasa naelewa kinachokusukuma, na hakianzii kwako.

Mwendo wenyewe una hesabu yake nyingine. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kuona na kushtuka, kabla hata mguu haujagusa breki, umeshakula mita 14. Na kutoka kilomita 30 kwenda 60, kishindo hakiongezeki mara mbili, kinakuwa mara nne. Rimu zinazofika hapa kwangu kutoka sehemu za mwendo mdogo nazinyoosha. Za kutoka sehemu zilizonyooka za barabara ya Mtwapa sizinyooshi, nazitupa. Wenye baiskeli hizo wengine huja ndugu zao kuzichukua.

Kwa watu wa baiskeli wanaosoma: wengi wenu hamjui kwamba Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, inamlazimu kila mwenye gari awe na bima ya mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni nyinyi. Mkigongwa msikubali kupewa elfu moja ya dawa mkaondoka mkichechemea. Dereva anatakiwa kusimama, na kupiga ripoti polisi ndani ya saa 24. Andikeni namba ya gari, hata kwenye mkono. Ingieni kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, chukueni abstrakti ya polisi, jazeni hospitalini P3, ile fomu ya majeraha. Bila karatasi hizo hamna mtu atakayewasikiliza.

Na taa. Mwenzetu kasema anamwona mtu akiwa ameshamfikia. Hilo halina mjadala. Rifleta nyekundu nyuma, taa mbele. Anayekuja kwangu hana, hatoki hivyo hivyo tena.

#9 kizingo_mkaazi

La lami na ekseli sikuwa nimelifikiria hivyo. La kupanda kabro bado nashikilia, mama yangu mzee anatembea pale Moi Avenue na baiskeli zinamshtua.

#10 sista_wa_tudor

Kizingo, mama asishtuliwe, una haki. Lakini jiulize kwa nini mtu anaondoka kwenye lami akaenda kwa mama. Amekimbia. Tukipata njia ya baiskeli hata ya mita moja na nusu kwenye barabara hizi zinazopanuliwa, nani atataka kubishana na wapita njia?

#11 dere_wa_mtwapa

Fundi, nina swali la kazi. Umesema honi inamshtua. Nisipopiga naye hajui nipo, akahama nikamgonga. Nifanyeje?

Na kreti zile. Zimetokeza pande zote mbili kuliko mabega yake. Nikipima nafasi kwa handeli nakosea.

#12 fundi_wa_kisauni

Piga ukiwa mbali, mara moja, fupi. Akiisikia kwa mbali haimshtui, anajua kuna gari na anajipanga. Ile ndefu ya ukiwa nyuma ya gurudumu lake ndiyo inayomwangusha. Halafu ukiona hakuna nafasi ya kumpita mkono mzima ukinyooshwa kati yako naye, usipite. Queensland, Australia walianza mwaka 2014 kulazimisha mita moja kwenye mwendo mdogo na mita moja na nusu kwenye mwendo mkubwa. Hapa tupime kwa mkono.

Kreti nakubaliana nawe. Zisizidi handeli. Hilo nitalisema kwa kila muuza mabofulo anayepita hapa, na nitawabandikia rifleta kwenye pembe za kreti bure, mkanda ninao.

#13 dere_wa_mtwapa

Honi nitafanya hivyo, na nitawaambia wenzangu steji. Lakini nisikudanganye. Kesho saa kumi na moja alfajiri mimi na wewe tutakuwa tumeelewana, na hesabu itakuwa ile ile.

#14 fundi_wa_kisauni

Najua. Basi swali lililobaki si lako wala si la watu wa baiskeli. Matajiri wa magari mko humu, huwa mnasoma bila kuandika. Dereva wenu ameeleza kinachomfanya ashindwe kungoja sekunde 15. Mnaweza kumlipa mshahara badala ya kumpa hesabu, au mnaweza kuishusha. Mnasemaje?